UZI: Mafuta ya Turkana, hisa za London na ploti za Lokichar. Nani alikula, nani aliliwa?

1/ Kila msimu wa kampeni ukikaribia, hoja hii inarudi: "Mafuta ya Turkana yalienda wapi? Mbona wananchi hatukupewa hisa kama Ghana?" Utaiskia kwa matatu, kwa TV na huku kwetu mtandaoni. Leo hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunafuata pesa tu. Twende polepole.

2/ Tarehe 26 Machi 2012 ikatangazwa kwamba mafuta yamepatikana kisima cha Ngamia-1, Turkana. Kampuni zilikuwa mbili, nusu kwa nusu: Tullow Oil ya London na Africa Oil ya Canada. Nchi nzima ikashangilia. Wengi hawakukumbuka kwamba Kenya ilikuwa imechimba visima zaidi ya 30 tangu 1960 bila kupata mafuta ya kuuza. Shell wenyewe walichimba Loperot, huko huko Turkana, mwaka 1992, wakaona dalili kidogo wakaenda zao.

3/ Kwanza tuelewe kampuni ya kutafuta mafuta inaishi aje. Kampuni ndogo ya aina hii haiuzi petroli. Inaweza kukaa miaka kumi bila kuuza pipa hata moja. Inachouza ni hisa, na pesa ya hisa ndiyo inachimba. Kisima kimoja kinakula mamilioni ya dola. Kikitoka kikavu, pesa imezikwa pale, na kampuni inarudi sokoni kuuza hisa zingine.

4/ Hapo kwa "hisa zingine" ndipo mwekezaji mdogo huumia bila kujua. Chukua chapati iliyokatwa vipande vinane, kimoja ni chako. Ikikatwa upya vipande 16, bado una kipande kimoja, lakini kimekuwa nusu ya kile cha kwanza. Hakuna aliyekuibia. Ndivyo mchezo ulivyo, na uko kwenye makaratasi ambayo hukusoma.

5/ Halafu kuna mambo ya habari. Mtambo wa kuchimba ukifika, uvumi unaanza na bei inapanda. Wanaojua mchezo wananunua wakati huo wa uvumi. Siku ya tangazo kubwa, wanauza. Wanamuuzia nani? Wewe, uliyeskia leo asubuhi kwa redio.

6/ Na tangazo lenyewe linaweza kugeuka. Desemba 2010 kampuni ndogo ya London, Desire Petroleum, iliyokuwa ikichimba karibu na visiwa vya Falkland, ilisema imepata mafuta. Siku chache baadaye ikasema hapana, kumbe ni maji. Bei ikaporomoka. Walionunua kwa furaha ya ile taarifa ya kwanza hawakuwa na wa kumlilia.

7/ Tuwe wakweli pia: kuna waliokula. Cove Energy ilikuwa kampuni ndogo yenye asilimia 8.5 ya eneo la gesi la Rovuma, Msumbiji, na vipande vya leseni hapa Kenya. Mwaka 2012 Shell na PTT ya Thailand wakaigombania. PTT wakashinda kwa senti 240 za Uingereza kwa hisa, jumla karibu pauni bilioni 1.2. Aliyeingia mapema alifurahi. Hadithi kama hii moja ndiyo inatumika kuuza hisa za kampuni zingine mia.

8/ Rudi kwa zetu. Baada ya Ngamia-1, hisa za Africa Oil huko Canada zilipanda mara kadhaa ndani ya 2012. Tullow mwaka huo ilifika zaidi ya pauni 15 kwa hisa. Na kumbuka, wakati huo hakuna hata lori moja la mafuta lilikuwa limetoka Turkana. Bei yote hiyo ilikuwa ya matarajio.

9/ Sasa "wenzetu Ghana walipewa hisa." Ni kweli, ila hawakupewa, waliuziwa. Mwaka 2011 Tullow iliingia kwenye soko la hisa la Accra na kuwauzia wananchi kwa cedi 31 kwa hisa. Na Ghana walikuwa na haki ya kuamini: eneo la mafuta la Jubilee, lililogunduliwa 2007, lilikuwa tayari linatoa mafuta. Hayakuwa maneno matupu.

10/ Kisha dunia ikageuka. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Tullow ikiwa na madeni mengi, mwaka 2017 ikauza hisa mpya kwa bei ya punguzo (kumbuka chapati). Tarehe 9 Desemba 2019 mkuu wake akajiuzulu, gawio likasimamishwa, na hisa zikapoteza karibu asilimia 70 kwa siku moja. Siku moja, bana.

11/ Yule mwalimu wa Kumasi aliyenunua kwa cedi 31? Miaka baadaye bei ya Accra ilisoma chini ya cedi 12, na cedi yenyewe ilikuwa imeshuka thamani vibaya. Kwa hivyo mtu akikwambia "tungepewa hisa 2012 tungekuwa matajiri", muulize: ungeuza lini?

12/ Hapa Nairobi nasi tulionja kidogo. Desemba 2014 kampuni ya kuhudumia wachimbaji mafuta, Atlas Development, iliingia NSE kwenye kile kitengo cha kampuni ndogo, GEMS. Haikuwa inachimba yenyewe, ilikuwa inategemea wanaochimba. Wachimbaji walipobana matumizi, kazi ikakauka. Hisa zikasimamishwa, mwishowe ikaondolewa sokoni.

13/ Lakini Mkenya wa kawaida hakununua hisa London wala NSE. Alinunua ploti. Lokichar, Lodwar, Isiolo, Lamu: popote bomba au barabara ilisemekana itapita. Shemeji yangu alichukua mkopo wa sacco 2013 akanunua ploti Lokichar akisema atajenga gesti ya wafanyakazi wa mafuta. Mkopo alimaliza kulipa. Gesti bado ni msingi na mchanga.

14/ Na angalia hii: ardhi nyingi ya Turkana ni ya jamii, haina hati ya mtu binafsi. Wengi walinunua karatasi tu. Mwenye hisa wa London angalau alikuwa na soko la kuuzia hasara yake. Wa ploti ataiuzia nani? Na wafugaji waliokuwa wakilisha pale walipoteza malisho kwa sababu ya matumaini ya watu wengine.

15/ Na mafuta yenyewe je? Yapo. Kampuni zilikadiria mapipa milioni 560 yanayoweza kutolewa. Ila ni mafuta ya nta, yanaganda yakipoa, kwa hivyo bomba la kwenda Lamu lazima lipashwe moto, na hiyo ni gharama. Mwaka 2016 Uganda ikaamua kupitisha mafuta yake Tanga, na ndoto ya kugawana bomba moja ikafa. 2018 tukaanza kubeba kwa malori. Agosti 2019 tukauza mapipa 200,000 kwa takriban dola milioni 12.

16/ Mei 2023 Africa Oil na Total wakajitoa. 2025 Tullow ikauza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy kwa angalau dola milioni 120. Hiyo ni bei ya mradi ule ule uliopandisha hisa masoko mawili mwaka 2012.

17/ Basi, kwa mjadala, swali la "mbona hatukupewa hisa" haliko mahali. Mkataba wa mafuta unaruhusu kampuni kujirudishia gharama zake za kutafuta kwanza, kutoka kwa mafuta yenyewe, kabla ya faida kugawanywa. Ndipo inakuja ile Sheria ya Petroli ya 2019: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii. Uliza ni asilimia ya nini, baada ya kutoa gharama za kiasi gani, na nani alikagua hizo gharama.

18/ Mwanasiasa akipanda jukwaani kutangaza "mafuta yataanza kutoka karibuni", jua anakuuzia hisa bila karatasi. Malipo yako ni kura, au ile ploti utakayokimbilia kununua wiki ijayo. Muulize bomba linalipwa na nani na lini, na mkataba uko wapi tuusome.

19/ Umewahi kununua hisa au ploti kwa sababu ya habari za mafuta? Sema hapa chini ilikuendea aje. Na umtumie huu uzi yule jamaa wa kikundi cha familia anayesema tungekuwa Dubai saa hii. Mwisho.