Boma la Arusha na Taaluma ya Kuhifadhi Majengo

Neno boma lilimaanisha uzio au ngome kabla Wajerumani hawajalifanya jina la vituo vyao vya utawala. Boma la Arusha, chini ya Mlima Meru, lilijengwa mwaka 1900 kwa kazi ya kushurutishwa ya Waarusha na Wameru. Tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Yaliyofuata huhitaji tangazo la Waziri. Kwa kipimo hicho, Boma ni changa. Changa zaidi ni ukumbi wa kikao cha Azimio la Arusha la mwaka 1967, ulio makumbusho tangu mwaka 1977.

Hapo ndipo msanifu majengo anapohitajika. Umri huhesabiwa na sheria. Maana husomwa na mtaalamu. Kabla ya ukarabati, yeye hupima na kuchora kila ukuta, hutambua jiwe, chokaa na saruji, kisha hutenganisha cha asili na kilichoongezwa. Jengo likibomolewa bila kusomwa, hupotea pia ushahidi wa mikono iliyoshurutishwa kulijenga.