Filamu iliyoutambulisha ulimwengu kwa gorila wa Virunga

GORILLAS in the Mist ni filamu ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Septemba 1988, ikisimulia maisha ya Dian Fossey, mtafiti aliyeishi na gorila wa milimani katika misitu ya Virunga kwa takriban miaka 18 hadi alipouawa. Iliongozwa na Michael Apted wa Uingereza, naye Sigourney Weaver akaigiza kama mtafiti huyo. Kichwa chake kimetokana na kitabu ambacho Fossey mwenyewe alikichapisha mwaka 1983, nacho chamaanisha gorila walio ndani ya ukungu.

Miongoni mwa filamu zinazohusu wanasayansi wanaochunguza wanyama wa porini, ni chache zilizopata umaarufu kama huu. Ni chache pia zilizozua mjadala mrefu namna hii: je, mnyama aliye katika hatari ya kuangamia huokolewa na mtu mmoja shupavu, au huokolewa na watu wanaoishi kando ya msitu wake?

Safari ya kutoka Kentucky

Fossey alizaliwa San Francisco mwaka 1932. Hakusomea elimu ya wanyama. Alikuwa mtaalamu wa kuwasaidia watoto wenye ulemavu katika hospitali moja mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Mwaka 1963 alichukua mkopo akazuru Afrika Mashariki na Kongo. Katika Bonde la Olduvai, Tanganyika, alikutana na Louis Leakey, mtafiti wa Kenya aliyesifika kwa kufukua mabaki ya binadamu wa kale. Kisha akapanda hadi Kabara, upande wa Kongo wa milima ya Virunga, ambako wapiga picha wawili kutoka Kenya, Alan Root na mkewe Joan, walimwezesha kuwaona gorila kwa mara ya kwanza.

Leakey aliamini kwamba tabia za nyani wakubwa zingetoa mwanga kuhusu maisha ya mababu wa binadamu. Tayari alikuwa amemtuma Jane Goodall kuwachunguza sokwe wa Gombe, Tanganyika, mwaka 1960. Baadaye angemsaidia Birutė Galdikas kuwachunguza orangutani wa Borneo. Mwaka 1966 alipofika Louisville kutoa mhadhara, Fossey alimwendea, na mazungumzo yao yakampa kazi. Filamu inaanzia hapo.

Alianza utafiti Kabara Januari 1967, mahali ambapo George Schaller alikuwa amefanya uchunguzi wa kwanza wa kina kuhusu gorila wa milimani mwaka 1959 na 1960. Hata hivyo, Kongo ilikuwa katika machafuko. Katikati ya mwaka huo askari walimteremsha mlimani, akatorokea Uganda. Septemba 24, 1967, alipiga hema upande wa Rwanda, kwenye kimo cha mita 3,000 hivi, baina ya milima miwili ya volkeno, Karisimbi na Visoke. Aliunganisha majina hayo mawili akapata jina la kambi yake: Karisoke.

Mbinu za utafiti

Sehemu ya filamu iliyo karibu zaidi na ukweli ni ile inayoonyesha jinsi mtafiti alivyowazoesha gorila kuwa naye. Kabla ya hapo gorila alisawiriwa katika vitabu na sinema kama dubwana katili linalojipiga kifua na kushambulia watu. Fossey alijishusha. Alitambaa kwa mikono na magoti, akajikuna kama wao, akatafuna mashina ya mimea waliyokula na kuiga mlio wa kuguna ambao gorila hutoa akiwa ameshiba na kuridhika. Hakuwafuata kwa siri; alijitokeza waziwazi ili wajue alipo.

Kila gorila alitambuliwa kwa mikunjo ya pua yake. Hakuna wawili wenye mikunjo inayofanana, kama vile alama za vidole zisivyofanana kwa binadamu. Michoro ya pua hizo, pamoja na majina aliyowapa, vilimwezesha kufuatilia ukoo mzima kwa miaka mingi: nani kazaa na nani, nani kahama kundi, na nani kauawa. Kazi hiyo ilimpatia shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Katika filamu, gorila anayenyoosha mkono na kugusa kiganja cha mtafiti ni Digit. Katika maisha halisi aliyefanya hivyo, mwaka 1970, ni dume kijana aliyeitwa Peanuts. Watunzi wa hadithi walimpa Digit tendo hilo kwa sababu ndiye ambaye kifo chake kingekuwa kilele cha masimulizi.

Kifo cha Digit

Digit, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kidole chake kilichokuwa na kasoro, alikuwa kipenzi cha Fossey tangu utotoni mwake. Picha yake ilitumiwa na ofisi ya utalii ya Rwanda kuwavutia wageni. Desemba 31, 1977, wawindaji haramu waliokuwa wakikagua mitego ya paa walikumbana na kundi lake. Dume hilo lilibaki nyuma kuwakabili ili wenzake watoroke. Alichomwa mikuki hadi akafa, kisha kichwa na mikono yake vikakatwa na kuchukuliwa.

Tukio hilo lilibadilisha mwenendo wa Fossey. Mwaka 1978 alianzisha hazina ya fedha kwa jina la gorila huyo ili kulipia doria dhidi ya uwindaji haramu. Wakati huohuo vita vyake na wawindaji vilizidi ukali. Aliharibu mitego, akateketeza mali yao, akawakamata na kuwahoji kwa vitisho. Filamu haifichi jambo hilo. Katika onyesho moja linalotisha, mtafiti anaamuru mwindaji atiwe kitanzi shingoni kana kwamba ananyongwa, huku wanafunzi wake wakitazama kwa mshtuko.

Usiku wa kuamkia Desemba 27, 1985, Fossey aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake ya mabati huko Karisoke. Mwaka uliofuata mahakama ya Rwanda ilimpata na hatia mtafiti mmoja Mmarekani, ambaye tayari alikuwa amerejea kwao na ambaye amekuwa akikanusha mashtaka hayo. Wengi hawakuridhishwa na uamuzi huo. Filamu nayo haimtaji muuaji. Inaonyesha kivuli na panga, kisha makaburi. Fossey alizikwa kando ya Digit, katika makaburi aliyoyatenga kwa ajili ya gorila waliouawa.

Jinsi ilivyotengenezwa

Kampuni mbili kubwa, Universal na Warner Bros, zilikuwa zikipanga kila moja filamu yake kuhusu Fossey kabla ya kuungana. Mswada uliandikwa na Anna Hamilton Phelan, muziki ukatungwa na Maurice Jarre, na mpiga picha mkuu alikuwa John Seale.

Upigaji picha ulifanyika katika Virunga yenyewe, miongoni mwa gorila ambao Fossey na wenzake walikuwa wamewazoesha watu. Weaver alipanda mlimani na kuketi karibu na wanyama hao. Kwa maonyesho ambayo yangewahatarisha, kama vile mauaji, walitumiwa waigizaji waliovaa mavazi ya gorila yaliyobuniwa na Rick Baker, bingwa wa kazi hiyo. Picha hizo zimeunganishwa kwa ustadi hivi kwamba ni vigumu kwa mtazamaji kubaini gorila halisi na asiye halisi.

Mkono wa Kenya haukukosekana. Alan Root, yule aliyemwonyesha Fossey gorila mwaka 1963, alishiriki kupiga picha za wanyama hao. John Omirah Miluwi aliigiza kama Sembagare, msoma nyayo anayekuwa rafiki na mshauri wa mtafiti, naye Waigwa Wachira akaigiza kama afisa wa serikali ya Rwanda. Hata mpenzi wa Fossey katika hadithi, mpiga picha Bob Campbell aliyeigizwa na Bryan Brown, alikuwa mkazi wa Kenya aliyetumwa Karisoke na jarida la National Geographic.

Filamu iliteuliwa kuwania tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya mwigizaji bora wa kike, ingawa haikupata hata moja. Weaver na Jarre walitunukiwa Golden Globe.

Yaliyoachwa nje

Sembagare hakuwahi kuwepo. Ni mhusika aliyeundwa kuwawakilisha wasoma nyayo wengi waliofanya kazi na Fossey, akiwemo Sanwekwe wa Kongo, aliyemfundisha kufuata nyayo huko Kabara na ambaye tangu ujana wake alikuwa ameongoza wageni katika misitu hiyo. Bila watu hao, mgeni asingempata gorila hata mmoja katika vichaka vile vya mianzi na upupu. Lugha iliyomwezesha Fossey kuelewana na wafanyakazi wake ilikuwa Kiswahili.

Wakosoaji wamelalamika pia kuhusu taswira ya Batwa. Katika filamu wanaonekana hasa kama wawindaji wa kutisha. Haielezwi kwamba jamii hiyo iliishi kwa kutegemea msitu huo kabla haujawa hifadhi, wala kwamba mitego mingi iliwekwa kwa ajili ya paa na wala si gorila. Mtazamaji humchukia mwenye mkuki pasipo kumtambua mnunuzi wa ng'ambo aliyemlipa.

Jambo la tatu ni utalii. Fossey aliupinga, akihofu kwamba wageni wangewaletea gorila maradhi na kuwasumbua. Hata hivyo, mwaka 1979 watafiti waliowahi kufanya kazi Karisoke, Bill Weber na Amy Vedder, walishiriki kuanzisha mradi uliounganisha ulinzi, elimu kwa wanavijiji na ziara za watalii wachache wanaolipa. Hoja yao ilikuwa kwamba mkulima asiye na shamba la kutosha hawezi kuulinda msitu usiomfaidi.

Baada ya filamu

Takwimu zaonyesha pande zote mbili zilikuwa na haki yao. Schaller alikuwa amekadiria gorila 450 hivi katika Virunga mwaka 1960. Kufikia 1981 walikuwa wamebaki 254. Bila doria za Fossey huenda wasingefika hata hapo. Tangu utalii uanze idadi imepanda: 380 mwaka 2003, 480 mwaka 2010, na 604 katika sensa ya mwaka 2015 na 2016. Wakijumlishwa na wale wa Bwindi, waliohesabiwa 459 mwaka 2018, walipita 1,000. Mwaka huo wa 2018 gorila wa milimani waliondolewa katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kuangamia na kuwekwa katika kundi la walio hatarini.

Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha ada ya kuwatembelea kutoka dola 750 hadi dola 1,500, na sehemu ya mapato ya mbuga inayorudishwa kwa wakazi ikaongezwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Tangu 2005 taifa hilo huandaa sherehe ya Kwita Izina, ambapo ndama wa gorila hupewa majina kwa kufuata desturi ya Wanyarwanda ya kumpa mtoto jina.

Kambi ya Karisoke iliharibiwa wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 na vita vilivyofuata, na shughuli za utafiti zikahamishiwa chini ya mlima. Katika kipindi hicho wasoma nyayo wa Rwanda waliendelea kuwafuatilia gorila kila walipoweza, wengine wakihatarisha maisha yao. Upande wa Kongo, zaidi ya walinzi 200 wa Mbuga ya Virunga wameuawa kazini kwa miaka iliyopita.

Hao hawana filamu. Anayeitazama Gorillas in the Mist ataona uzuri wa milima ile na ujasiri wa mwanamke aliyekataa kuondoka, na atakuwa ameona kweli. Lakini gorila anayezaliwa leo Virunga anaishi pia kwa jasho la mamia ya watu ambao majina yao hayajawahi kupita kwenye pazia la sinema.