Nchi ya Uvira katika vitabu vya wengine

Miezi hii ya karibu tumesoma vitabu vitano. Vinne vyagusa nchi yetu, yaani pwani ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, toka Rusizi mpaka Fizi, pamoja na milima yake mpaka Mulenge. Cha tano tumekiongeza kwa sababu itakayoonekana. Havina ukoo mmoja, wala havikutugusa kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo hatutavieleza kwa kipimo kimoja.

Cha kwanza ni cha safari: The Lake Regions of Central Africa, alichotoa Mwingereza Richard Burton katika mwaka 1860. Mwezi wa Aprili 1858 yeye na mwenzake Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitoka Ujiji. Shabaha yao ilikuwa mto mmoja, Rusizi. Kama maji yake yatoka ziwani kwenda kaskazini, basi huenda ziwa hili ndilo chemchemi ya Nili. Speke alikuwa ameambiwa na Mwarabu mmoja, Hamed bin Sulayyim, kwamba ndivyo yalivyo. Au tuseme, alidhani ameambiwa hivyo. Wana watatu wa sultani Maruta wa Uvira walipofika kuwaamkia wageni, wakaulizwa, wakajibu wazi: Rusizi yaingia ziwani, haitoki. Kiisha Bombay, mkalimani wao, akasema kwamba Mwarabu naye alisema neno lile lile, ila Speke hakulisikia vizuri.

Hapo tulicheka kidogo. Lakini tulipoendelea kuchunguza, kicheko kilikwisha. Katika mwaka 1864, Speke amekwisha kufa na ugomvi wao juu ya Nili haujafa, Burton aliandika tena katika The Nile Basin, akashika wazo kwamba Rusizi yaweza kutoka ziwani. Ushuhuda wa wana wa Maruta, alioupokea yeye mwenyewe kwa masikio yake, akauweka kando. Ilibidi kungoja Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika kinywani pa mto wakaona maji yakiingia. Ndipo neno la watu wa Uvira likawa kweli huko Ulaya, baada ya miaka 13! Na yeyote aliyeteremka toka Bukavu ajua habari hiyo kwa miguu yake: ziwa Kivu liko kwenye meta 1460 hivi, Tanganyika kwenye 770 hivi. Burton hakukosa akili. Alijua lugha nyingi kuliko sisi sote. Alikuwa na ugomvi, na mwenye ugomvi huchagua shahidi wake.

Twasema hayo kwa sababu ya kitabu cha pili, Le pays d'Uvira cha Georges Weis, kilichotoka Brussels mwaka 1959. Ni jiografia. Chasomeka polepole, wala hatumlaumu mseminari atakayesinzia juu yake jioni. Lakini kina faida. Shida ni wasomaji wake wa sasa. Tangu vita ya 1996 ilipoanza kwetu, jina la Mulenge limejaa katika vitabu na vijitabu, na wengi hufungua maandiko ya zamani wakitafuta neno moja tu: nani alitangulia kufika? Wavira, Wafulero, Wabembe, Wanyamulenge, kila upande una ukurasa wake unaoupenda. Kwetu sisi, mwaka waliofika mababu ni neno la historia, nalo lichunguzwe kwa uhuru. Si hati ya kumfukuza mjukuu. Mkatekista anayesoma ukurasa mmoja mbele ya watu wa kabila lake tu, na kuufumba ule unaofuata, afanya kama Burton wa 1864.

Juu ya Maisha ya Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, tutasema kidogo. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni kitamu. Ndicho kinachotisha: pembe na watu wahesabiwa kwa sauti moja, bila haya.

Cha nne ni kumbukumbu za vita za Ernesto Guevara, aliyevuka ziwa toka Kigoma katika Aprili 1965 akaondoka Novemba ya mwaka ule ule. Wakubwa watatu wa Wakuba walipewa majina kwa hesabu yetu: Moja, Mbili, Tatu, naye ndiye Tatu. Asema bila kuficha kwamba ni habari ya kushindwa. Twaheshimu ukweli huo. Lakini alipopita Baraka na Fizi, damu ya wamisionari ilikuwa imemwagika pale miezi michache tu mbele yake.

Basi tumefika kwenye cha tano, hadithi ya kubuni: Entre les eaux ya V. Y. Mudimbe, ya mwaka 1973. Pierre Landu, padri Mwafrika aliyesoma Roma, awaacha wenzake na kujiunga na waasi msituni, kwa kuwa aona Eklezya imefungamana na Wazungu. Mwisho aingia monasteri. Swali lake ni letu, wala si vema kuwaficha waseminari. Hata hivyo Landu alituchosha: huitazama roho yake kurasa nyingi, na watu aliowaendea twawaona kwa mbali.

Tulipokuwa tukimsoma tulimkumbuka Padri Albert Joubert, mwana wa baba Mzungu na mama Mwafrika, aliyepewa upadri mwaka 1935. Tarehe 28 Novemba 1964 waasi walimwua Bruda Vittorio Faccin huko Baraka, pamoja na Padri Luigi Carrara aliyekuwa akisikia maungamo. Kiisha wakaenda Fizi wakawaua Padri Giovanni Didoné na Padri Albert. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, wote wanne walitangazwa Wenye Heri. Waseminari wa filosofia wamsome Mudimbe. Ila wamsome pamoja na maisha ya hao wanne, wakianza na Padri Albert, maana juu yake hatujapata kusoma mengi.