Maradhi ya Moyo na ya Sukari: Utafiti Ufanywe Aliko Mgonjwa

Wako wananchi ambao hata leo huyahesabu maradhi ya moyo na ya sukari kuwa ni maradhi ya matajiri. Dhana hiyo ina historia yake. Mwaka 1929 daktari mmoja wa kikoloni, Donnison, aliyekuwa amewapima wanaume wapatao 1,000 magharibi mwa Kenya, alitangaza kwamba hakuona shinikizo la damu miongoni mwao. Na mwaka 1956, Dakta Hugh Trowell wa Kampala aliona kuwa Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo ni jambo la kuandikwa katika jarida la utabibu.

Hata hivyo, maskini walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo, ila si yale yaliyomo katika vitabu vya Ulaya. Mwaka 1948, katika Hospitali ya Mulago, Dakta J. N. P. Davies alieleza ugonjwa ambao hugeuza utando wa ndani wa moyo kuwa kovu gumu, hata moyo ukashindwa kujaa damu. Walioupata walikuwa hasa watoto na vijana wa familia maskini. Zaidi ya miaka 70 imepita, na chanzo chake bado hakijajulikana kwa yakini.

Ugonjwa wa sukari nao una kisa kama hicho. Mwaka 1955 kulielezwa, katika kisiwa cha Jamaica, wagonjwa wa sukari waliokuwa wembamba na ambao hawakufanana na wale wa Ulaya. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba iko sukari inayohusiana na utapiamlo. Mwaka 1999 likaifuta katika orodha yake, kwa hoja kwamba ushahidi haukutosha. Ilipofika mwaka 2025 ndipo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaitambua tena, likaiita aina ya tano. Kwa muda wa miaka 26 wagonjwa hao walitibiwa pasipo ugonjwa wao kuwa na mahali katika orodha. Ikiwa ushahidi haukutosha, yafaa tuulize: ni nani aliyepewa fedha za kwenda kuutafuta?

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Utafiti uliofanywa aliko mgonjwa umekwisha kuonyesha faida yake. Nchini Uganda walichaguliwa watoto na vijana 818, wa umri wa miaka 5 hadi 17, ambao milango ya mioyo yao ilikuwa imeanza kuharibiwa na homa ya baridi yabisi pasipo wao kujua. Nusu yao walidungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: katika miaka miwili, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 tu wa kundi la sindano, bali kwa wale wasiodungwa ulizidi kwa 33. Dawa hiyo ni ya siku nyingi, na bei yake si kubwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali hilo mahali panapohusika.

Maswali yaliyobaki ni mengi. Insulini iligunduliwa huko Toronto mwaka 1921. Je, ifikeje katika zahanati isiyo na umeme, na mgonjwa aihifadhije nyumbani? Wagonjwa wa shinikizo la damu ni wangapi vijijini, na ni kwa nini wengi huacha dawa? Mambo hayo hayatajibiwa na maabara ya ng'ambo.

Mwezi wa Novemba, mwaka 2008, katika mkutano wa Bamako, serikali zilihimizwa zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara zao za afya kwa ajili ya utafiti. Kila bajeti isomwapo bungeni, wananchi wana haki ya kuuliza fungu hilo liko wapi. Taifa lisilolipia maswali yake litaendelea kupokea majibu ya maswali ya wengine.