Nauli ya Gari la Moshi na Mchezo wa Mpira

Watu wakisimulia habari za mpira wa miguu katika nchi yetu ya Tanga hutaja majina ya wachezaji, na mabao, na vikombe. Wachache sana hutaja nauli. Walakini sisi walimu, ambao mara nyingi huhesabu fedha za timu kabla ya kuhesabu mabao, twaona ya kuwa nauli ndiyo iliyoamua nani atacheza na nani, na mji upi utakuwa jirani wa mji upi. Habari hizi zatuhusu sana watu wa Pongwe, maana reli ilifika kwetu mapema kuliko karibu mahali pote pengine katika nchi hii, na shida ya nauli haijakwisha hata leo.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Wadachi walianza kujenga reli pale Tanga mwaka wa 1893. Mwaka wa 1894 ikafika Pongwe, mwendo wa yapata kilometa 15. Mwezi wa Aprili 1896 ikafika Muheza, kilometa 40 kutoka Tanga, na hapo kazi ikakwama, kwa kuwa kampani iliyoijenga iliishiwa na fedha. Mwaka wa 1899 serikali ya Wadachi ikaitwaa, ikaisogeza hata Korogwe mwaka wa 1902, kilometa 84; hata Mombo mwaka wa 1905, kilometa 129; na hata Moshi mwaka wa 1911, kilometa 352. Basi msomaji na aangalie: reli hii, kabla haijamlemea mchezaji yeyote kwa nauli, iliwalemea kwanza wale walioijenga.

Tena haikujengwa kwa ajili ya wachezaji. Ilijengwa ili ichukue mazao hata bandarini, kahawa ya milimani na mazao mengine, na baadaye zaidi ya yote katani, mmea ulioletwa katika nchi hii na Dr. Richard Hindorf mwaka ule ule wa 1893. Abiria wa daraja la tatu alikuwa kama mgeni aliyepanda juu ya mzigo wa mwenyewe. Saa za gari zilipangwa kwa kuufuata mzigo na meli, wala si kwa kufuata kipenga cha mwamuzi.

Mpira nao ulikuja kwa njia yake. Vijana wa Bonde waliopelekwa Unguja kusoma katika chuo cha misheni cha Kiungani walicheza mpira huko katika karne ya kumi na tisa, na waliporudi kufundisha Magila na vijiji vya Bonde walirudi na mchezo pamoja na vitabu. Mwanzoni timu ilikwenda kwa miguu, kwa kuwa mpinzani wake alikuwa ng'ambo ya mto au nyuma ya kilima. Lakini kila mchezo una tabia hii, kwamba aliyekwisha kumshinda jirani hutamani kujua kama atamshinda na wa mbali. Hapo ndipo mpira na gari la moshi vilipokutana, na hapo ndipo hesabu ilipoanza.

Shida hii haikuanza kwetu. Mwaka wa 1872, katika mashindano ya kwanza kabisa ya Kombe la FA kule Uingereza, timu ya Queen's Park ya Glasgow ilisafiri mpaka London kucheza na timu iliyoitwa Wanderers. Watu wa kwao walikuwa wamewachangia nauli. Timu hizo zilitoka sare bila bao, ikapasa kurudia mchezo. Queen's Park hawakuwa na fedha za kukaa wala za kwenda kwao na kurudi tena, basi wakajitoa. Wanderers wakaingia katika mchezo wa mwisho, wakalitwaa kombe. Hapana aliyewafunga Queen's Park. Waliondolewa na gharama ya safari. Na mwaka wa 1888, ligi ya kwanza ya Uingereza ilipoundwa, timu zake kumi na mbili zilitoka katika miji ya kaskazini na ya katikati, iliyounganishwa vema kwa reli. Hapana hata moja iliyotoka London.

Sasa turudi Pongwe, tufanye hesabu kama tufanyavyo darasani. Timu ni watu kumi na mmoja. Waongeze wawili wa akiba, asije mtu akaugua homa njiani, na mkuu wao mmoja: jumla watu kumi na wanne. Kwenda na kurudi ni tikiti ishirini na nane. Tuseme kwa mfano tu ya kuwa tikiti moja ni shilingi moja: safari moja yataka shilingi 28, kabla mtu hajala wala kunywa. Tena gari lisiporudi siku ile ile, yapasa kulala, na kulala ni chakula cha usiku na cha asubuhi. Ukicheza mara tano ugenini katika mwaka, nauli peke yake ni shilingi 140. Katika hesabu ya namna hii mtu wa kwanza kuachwa ni wa akiba. Wa pili ni mkuu, aliyekwenda kuwaangalia vijana wasipotee mjini. Na hatimaye huachwa mchezaji mwenyewe, na mahali pake hupewa mwenye uwezo wa kujilipia. Hodari asiye na nauli alibaki stesheni, na asiye hodari mwenye nauli akapanda gari. Timu ikifungwa, watu husema, “Hawakujua kucheza,” wala hawajui ya kuwa waliojua kucheza hawakusafiri.

Walakini tikiti si gharama yote. Katika mashamba ya katani yaliyotuzunguka watu walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku thelathini. Siku uliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku usiyokwenda haikutiwa. Mkata katani aliyekwenda Korogwe kucheza mpira siku ya kazi alilipa nauli mara mbili: mara moja dirishani kwa mwuza tikiti, na mara ya pili katika kadi yake. Kwa hiyo mchezo wa ugenini ulielekea kuwa wa watu wenye mshahara wa mwezi: makarani, walimu, watu wa forodha na wa reli. Ni watu wa namna hiyo hiyo waliounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali pale Tanga mwaka wa 1922, wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani. Na katika chama hicho Wakristo na Waislamu waliketi pamoja. Kuunda chama, kuchanga kila mwezi, kuandika daftari na kuchagua mweka hazina, haya yote timu ya mpira huyahitaji ikitaka kusafiri. Twaweza kusema ya kuwa nauli ilikuwa mwalimu mkali, lakini ilifundisha.

Tena reli ilichora ramani ambayo si ile iliyoning'inia ukutani shuleni. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918 Waingereza walijenga reli kutoka Voi hata Kahe, ikaunganisha njia ya Tanga na reli ya Uganda. Basi mtu wa Tanga aliweza kupanda gari akafika Mombasa au Nairobi kwa reli tupu. Lakini kwenda Dar es Salaam, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, hakuweza kwenda kwa reli. Ilimpasa kutafuta chombo cha baharini au kupita barabara mbovu. Ni mwaka wa 1963 tu, baada ya uhuru, reli ilipotoka Ruvu ikaungana na ya Tanga pale Mruazi. Na mashindano ya nchi kwa nchi yalikuwa hivyo hivyo. Kombe la Gossage lilianza mwaka wa 1926 kwa Kenya na Uganda, nchi mbili zilizofungamana kwa reli moja na ziwa moja. Tanganyika iliingia mwaka wa 1945. Hatusemi ya kuwa reli ndiyo sababu peke yake, lakini si vigumu kuona ya kuwa jirani katika mpira ni yule unayeweza kumfikia.

Wakati umebadilika. Mabasi yalichukua abiria wengi, na katika miaka ya 1990 magari ya abiria yaliacha kupita katika njia ya Tanga. Coastal Union ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka wa 1948, ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka wa 1988, na siku hizi timu kubwa husafiri kwa mabasi, pengine na kwa ndege, zikisaidiwa na wadhamini. Pongwe leo ni kata katika Jiji la Tanga. Lakini vijana wetu wakiitwa kucheza Muheza au Korogwe, hesabu ni ile ile: watu kumi na wanne, kwenda na kurudi. Gari la moshi liliondoka, nauli ikabaki.

Historia hii yatufundisha nini? Kwanza, nauli ya timu ni deni la mji mzima, wala si la wachezaji peke yao. Watu wa Glasgow waliwachangia wenzao mara moja, wakasahau ya kuwa mchezo waweza kurudiwa. Mchango ukusanywe mapema, na ukusanywe wa kutosha. Pili, daftari la mchango liwe wazi kwa kila aliyetoa, hata kama alitoa senti kumi; maana timu nyingi zimevunjika kwa fedha zisizojulikana zilikokwenda kuliko kwa kufungwa. Tatu, mwenyeji na ashirikiane na mgeni. Mwenyeji hupata kiingilio na hulala kwake. Mgeni hupata vumbi la njia. Akimpa mgeni mahali pa kulala na chakula, na sehemu ya kiingilio, mgeni naye atamfanyia vivyo hivyo zamu yake ikifika, na gharama itapungua kwa wote wawili.

Na neno la mwisho twalielekeza kwa walimu wenzetu. Tunapochagua timu ya kwenda ugenini, tuandike kwanza majina ya wanaojua kucheza, kisha ndipo tuulize habari za nauli. Tukiuliza nauli kwanza, mtoto wa mkata katani hatasafiri kamwe, naye atajifunza kwetu somo ambalo hatukukusudia kumfundisha, kwamba kipawa alichopewa na Mungu hakina thamani pasipo mfuko wa baba yake. Mkono mmoja haulei mwana, wala mfuko mmoja hausafirishi timu.