Gede Siku ya Jamhuri

Kila tarehe 12 Desemba, Wakenya huikumbuka siku waliyopata uhuru mwaka 1963, na ambayo mwaka uliofuata nchi yao ilitangazwa kuwa jamhuri. Wengi huiadhimisha kwa magwaride, nyimbo na hotuba. Mwaka mmoja mimi niliiadhimisha Gede, mji wa kale wenye kuta, ulio ndani ya msitu kusini ya Malindi, jirani na Watamu. Nilikwenda nikitaraji utulivu wa magofu, nikaukuta umati.

Langoni watu walikuwa wamepanga safu ndefu. Walikuwapo kina mama waliojifunga leso, wazee wenye bakora, vijana kutoka Mombasa, na wanafunzi waliofuatana na mwalimu wao. Juu ya miti kima waliwavizia wenye ndizi. Kelele zilienea pande zote, nami kwa muda nilinung'unika moyoni. Kisha nilikumbuka kwamba mji huu haukujengwa uwe kimya. Watu waliojaa vichochoroni siku hiyo walikuwa wameurudishia Gede sauti iliyoukimbia kwa karne nne.

Mji huu ulianza yapata karne ya 12, na fahari yake ilifika kilele katika karne ya 15. Ukuta wake wa nje ulizunguka eneo la ekari 45 hivi. Wajenzi walikata mawe ya matumbawe, wakayashikamanisha kwa chokaa, wakasimamisha msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba zenye viwanda, vidaka na vyoo vya ndani. Miongoni mwa makaburi, moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na mwaka 1399. Kati ya mwaka 1948 na 1958, James Kirkman aliongoza uchimbaji wa magofu hayo, na nyumba kadhaa zikaitwa kwa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Vyombo vya Uchina na vya Uajemi vyathibitisha kuwa wenyeji wa Gede waliijua dunia, na dunia iliijua bidhaa yao.

Ndani ya mji mna ukuta wa pili, uliojengwa baadaye. Huo uliuzunguka msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za wenye nafasi. Hapo ndipo umati ulipokuwa mkubwa kupita kote, kila mtu akitaka kupita chini ya tao la jumba. Nilisimama karibu na wale wanafunzi, na msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na watu wengine walilala wapi?"

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaelekeza mkono nje ya ukuta wa ndani, kwenye miti mitupu. Hapakuwa na kitu cha kutazama. Lakini jibu lake lilikuwa sahihi. Wakazi wengi wa Gede waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na udongo hurudi udongoni. Jiwe limebaki kumsemea mwenye jumba. Aliyeichoma chokaa, aliyechimba kisima na aliyepika chungu hawana jiwe la kuwasemea.

Hili si jambo dogo. Kwa muda mrefu wataalamu wa zama za ukoloni walitazama matao na kauri, wakahukumu kuwa miji ya pwani ilikuwa kazi ya wageni. Hawakuvipa uzito sawa vigae vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani, navyo ni vingi mno kuliko vya ng'ambo. Uchimbaji wa baadaye katika miji kadhaa ya Waswahili umeonyesha kuwa chini ya nyumba za mawe zipo nyumba za udongo, na kwamba mji ulikua kutoka kwa wenyeji wake, huku ukiwapokea wageni, dini na biashara yao. Anayeyatazama mawe peke yake huisoma nusu ya kitabu.

Mapema katika karne ya 17 Gede ilihamwa. Wataalamu hutaja sababu kadhaa: maji ya visima yaliyozidi kushuka, vita na mashambulizi, na biashara iliyovurugika baada ya Wareno kufika mwaka 1498. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Gede methali hiyo ilitimia kwa namna yake: wajenzi waliondoka, miti ikaingia vyumbani na mizizi ikakumbatia kuta. Majirani walipaheshimu na kupaogopa kuwa ni makao ya pepo.

Serikali iliutambua mji huu kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, na mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haitoshi. Siku ya Jamhuri, mtoto wa mvuvi na mtoto wa waziri hupita lango lile lile la ukuta wa ndani, wala hapana anayewauliza wao ni wana wa nani. Basi yafaa nchi ya namna hiyo iwafundishe watoto wake kusimama pia pale pasipo na tao, kati ya kuta mbili.

Mwalimu yule aliwapeleka wanafunzi wake huko. Msichana aliyeuliza aliinama, akaokota kigae cheusi cha chungu, akakigeuzageuza kiganjani. Mlinzi akamwambia kwa upole akirudishe mahali pake. Akakirudisha, akakifukia kidogo kwa mchanga. Urithi wetu ni pamoja na kigae kile, nasi tumeamrishwa kukitunza kama tunavyolitunza jumba.