Mkazo wa Kiingereza, kutoka Rejaf hadi Nesitu

Ninafundisha Kiingereza Nesitu, kando ya barabara ya Juba kwenda Nimule, Sudan Kusini. Darasani nina watoto wa Kibari waliokulia hapa hapa, na wengine waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili chao. Neno refu la Kiingereza huwakwaza wote, ila kila mmoja hujikwaa mahali pake.

Mambo haya yana historia. Mwaka 1928 mkutano wa lugha uliokaa Rejaf, kusini mwa Juba, ulichagua lugha za shule za chini, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kilotuko, Kishiluk na Kizande. Kiingereza kikawekwa kwa madarasa ya juu na ofisi. Basi mtoto wa hapa alijifunza kuunga silabi kwa Kibari, lugha ya toni, ndipo akakutana na Kiingereza. Mwaka 1957 serikali ya Khartoum ikachukua shule za misheni na kusukuma Kiarabu. Mkataba wa amani wa Addis Ababa wa 1972 ukakirudishia Kiingereza nafasi yake Kusini.

Wa Kakuma wana bahati nusu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la kura yetu ya uhuru ya Januari 2011, referendum, wanalipatia bila kufundishwa: re-fe-REN-dum. Independence vilevile, na constitution, na karibu yote yanayoishia na -tion. Lakini wape democracy, watasema de-mo-CRA-cy. University itakuwa u-ni-ver-SI-ty. Maneno mengi marefu ya -cy, -ty, -gy na -phy hutaka mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho: de-MO-cra-cy, u-ni-VER-si-ty. Tena mkazo huhama ndani ya ukoo mmoja: PHO-to-graph, pho-TO-gra-phy, pho-to-GRA-phic. Silabi iliyonyimwa mkazo humezwa, na hapo ndipo msikilizaji hupotea, hata kama tahajia ya mtoto haina kosa.

Wenye Kiingereza chao nao walihitaji kufundishwa. Noah Webster wa Marekani, katika kitabu chake cha tahajia cha 1783, alipanga maneno kwa idadi ya silabi na mahali pa mkazo, na mtoto aliyasoma kwa sauti safu baada ya safu. Kazi hiyo haidai vifaa. Inadai chaki na sauti ya mwalimu.

Walimu wenzangu wa barabara hii, tusiwape watoto orodha za herufi tupu. Tuyapange maneno kwa mkazo, na tuyatamke nao kabla hawajayaandika.